Siku sita Alsace na baba yangu: Strasbourg, Colmar na vijiji. Naomba maoni kabla sijakata tiketi

#1 BintiMwalimu

Wakuu, heshima kwenu.

Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 72, na kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa mpiga kinanda wa usharika wetu huku Machame. Tangu nikiwa mdogo nimemsikia akisimulia habari za mji uitwao Strasbourg, katika mkoa wa Alsace, mashariki ya Ufaransa, wenye kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Thomas. Ndani yake kuna kinanda cha mabomba kilichotengenezwa na fundi Silbermann mwaka 1741. Mozart alikipiga mwaka 1778, na daktari Albert Schweitzer alikipiga pia, yule aliyekwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913 kujenga hospitali. Baba alisoma habari hizo akiwa chuo cha ualimu na hazijamtoka moyoni hadi leo. Mwaka huu Mungu amenijalia akiba kidogo, nataka nimpeleke akione.

Likizo yangu inaniruhusu siku sita tu za kukaa kule, ukiondoa siku za ndege. Nimepanga hivi: siku ya kwanza tushuke Paris tuone mnara wa Eiffel, ya pili Strasbourg, ya tatu Colmar pamoja na vijiji vya Eguisheim, Riquewihr, Kaysersberg na Ribeauvillé, ya nne ngome ya Haut-Koenigsbourg, ya tano tuvuke Ujerumani tuone Msitu Mweusi, ya sita Basel, Uswisi, halafu turudi. Tarehe ni wiki ya Pasaka.

Goti lake la kulia linamsumbua kwenye ngazi. Pombe hanywi. Kifaransa hatujui sote wawili. Nikosoeni bila kunionea haya.

#2 Mkazi wa Kehl

Dada, hongera kwa moyo huo. Mimi naishi Kehl, upande wa Ujerumani, na tangu 2017 tramu ya Strasbourg inavuka mto Rhine mpaka huku kwetu, kwa hiyo Strasbourg ndiko ninakonunua mkate wangu.

Huo mpango utamchosha mzee. Vijiji vinne pamoja na Colmar kwa siku moja maana yake ni kushuka kwenye basi, kupiga picha mbili, kupanda basi. Atarudi nyumbani akikumbuka viti vya basi. Futa Paris, futa Msitu Mweusi, futa Basel. Lala sehemu mbili tu: usiku mbili Strasbourg, usiku tatu au nne Colmar. Kati ya miji hiyo treni ya mkoa inachukua kama nusu saa, na Colmar ndiyo yenye mabasi ya kwenda vijijini.

Paris hamna haja ya kuingia. Zipo treni za mwendokasi zinazoondokea ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle na kufika Strasbourg bila kubadilisha. Mkilazimika kupitia mjini, treni za Strasbourg zinaondokea stesheni ya Gare de l'Est na safari haifiki saa mbili. Njia nyingine ni kutua uwanja wa Basel-Mulhouse, ambao uko kwenye ardhi ya Ufaransa ingawa unahudumia na Uswisi. Una milango miwili ya kutokea, ninyi tokeni wa Ufaransa. Hapo kuna basi la kwenda stesheni ya Saint-Louis, na kutoka Saint-Louis hadi Colmar ni chini ya saa moja.

Kuhusu Strasbourg yenyewe, kaeni ndani ya kisiwa cha Grande Île, sehemu ya kale iliyozungukwa na mto Ill. Kila kitu ni mwendo wa miguu na hakuna kilima. Kanisa kuu ni la mawe mekundu ya milima ya Vosges, mnara wake ulimalizika mwaka 1439 na una mita 142. Toka 1647 mpaka 1874 hapakuwa na jengo refu kuliko hilo duniani. Kupanda juu ni ngazi zaidi ya 300, kwa goti hilo msijaribu. Ila muwahi saa ya nyota iliyo ndani: kila siku saa sita na nusu mchana mitume wanapita mbele ya Yesu na jogoo wa chuma anawika. Kuingia kuitazama saa hiyo kuna tiketi yake.

#3 Papa Kivu

Bonjour, dada. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Mulhouse mwaka wa kumi na mbili sasa. Nakubaliana na ndugu wa Kehl, ila naongeza yale ambayo wageni hawaambiwi.

La kwanza ni Pasaka. Ufaransa yote Ijumaa Kuu ni siku ya kazi, isipokuwa huku Alsace na kwa jirani zetu wa Moselle. Huku ni sikukuu kisheria, sawa na tarehe 26 Desemba. Sababu ni kwamba mwaka 1905 Ufaransa ilipotenganisha dini na serikali, Alsace ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na iliporudishwa ikabaki na sheria zake. Hadi leo mapadri, wachungaji na marabi wa huku wanalipwa mshahara na serikali. Kwa hiyo wiki ya Pasaka mtakuta Ijumaa maduka yamefungwa, Jumapili yamefungwa, Jumatatu yamefungwa, na mabasi ya vijijini yamepungua. Njooni katikati ya mwezi wa tano, mkikwepa tarehe 1 na 8 na sikukuu ya Kupaa, zote ni mapumziko.

La pili ni salamu. Ukiingia dukani, kwenye basi, kwa muuza mkate, neno la kwanza ni *bonjour*. Usianze na swali. Muuzaji asiposikia bonjour anaona umemdharau, na utamsema vibaya kumbe kosa ni lako. Mfundishe mzee maneno matatu: bonjour (habari), s'il vous plaît (tafadhali), merci (asante). Mtu wa umri wake akisema bonjour kwa utaratibu, watu wanamfungulia milango.

La tatu ni saa za kula. Jiko la mkahawa linafungua saa sita mchana, linazima saa nane, linawashwa tena saa moja jioni. Ukifika saa tisa na njaa yako utapewa kahawa. Na mkiagiza *une carafe d'eau* mnaletewa maji ya bomba ya bure, ni masafi kabisa.

#4 Kifaru Mweusi

Naheshimu nia ya dada, lakini uzi huu usimpambe Schweitzer kupita kiasi. Yule bwana aliandika mwenyewe kwamba kwa Mwafrika yeye ni ndugu, ila ndugu mkubwa. Aliishi Lambaréné miongo mingi na hospitali yake ilikosolewa kwa kumweka Mwafrika chini kila mara. Mzee wetu anasafiri maelfu ya kilomita kwenda kumwenzi mtu wa namna hiyo? Nauliza kwa nia njema.

#5 BintiMwalimu

Kifaru Mweusi, asante, na swali lako nimemsomea baba jana usiku. Alinyamaza kidogo, akasema hayo ya ndugu mkubwa anayajua, aliyasoma, na yalimuuma. Akasema yeye anakwenda kusikia kinanda, na kumtazama mtu huyo mahali alipozaliwa na kulelewa ili aelewe yale mazuri na yale mabaya yalitoka wapi. Nami nimeona ni sawa.

Ameongeza jambo ambalo sikulijua. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na mwaka huohuo Schweitzer alianza masomo chuo kikuu cha Strasbourg. Wakati ule Kilimanjaro ilikuwa chini ya Ujerumani, na Alsace pia, yenyewe tangu 1871. Babu zetu na watu wa Strasbourg walikuwa na Kaisari mmoja.

Papa Kivu, Pasaka nimeifuta. Tunakwenda mwezi wa tano.

#6 Mama Nasra

Assalaam aleikum. Mimi mwenyeji wa Unguja, niko Muscat, na mume wangu anataka twende hukohuko na watoto. Nasikia Alsace kila chakula kina nguruwe. Tutakula nini sisi?

#7 Mkazi wa Kehl

Wa aleikum salaam, mama. Ni kweli nguruwe yuko mwingi: ile kabichi iliyochachushwa, choucroute, huja na soseji na nyama zake juu. Hata tarte flambée, unga mwembamba kama chapati wenye krimu na vitunguu unaookwa kwenye moto mkali, kwa kawaida hunyunyiziwa vipande vya nguruwe. Mwambie mhudumu *sans lardons*, atakutengenezea bila hivyo, ila tanuri ni lilelile, hilo uamue mwenyewe. Kwa chakula halali chenyewe Strasbourg haina shida hata kidogo. Waturuki na Wamoroko ni wengi, mabucha yao yapo, na msikiti mkuu ulifunguliwa mwaka 2012 kando ya mto. Vijijini ndiko itabidi mle samaki, mboga na jibini. Nunueni mikate ya bretzel na kougelhopf, ile keki ndefu yenye shimo katikati na lozi juu. Ila muulize kabla: zabibu za ndani mara nyingine hulowekwa kwenye pombe kali.

#8 Papa Kivu

Niongeze kwenye ya Schweitzer na Kifaru Mweusi. Mkiwa Colmar nendeni bustani ya Champ de Mars, kuna mnara wa Admirali Bruat uliochongwa na Bartholdi, mwana wa Colmar aliyechonga pia sanamu ya Uhuru ya New York. Chini ya mnara ule palikuwa na sanamu ya Mwafrika mwenye uso wa huzuni. Schweitzer aliandika kwamba utotoni, kila alipofika Colmar, alikwenda kuutazama uso ule, na ndio uliomfanya aifikirie Afrika. Mwaka 1940 Wanazi waliubomoa mnara. Uliopo leo ulisimamishwa tena baada ya vita.

Jingine: juu ya Sigolsheim, karibu na Kaysersberg, kuna makaburi ya kijeshi kwenye kilima katikati ya mizabibu. Wamelala askari zaidi ya 1,500 waliokufa kuikomboa Colmar, vita vilivyokwisha Februari 1945. Wamo Waafrika wengi wa Morocco, Algeria na Tunisia, na makaburi ya Waislamu yameelekezwa Makka. Watalii wanapita chini kwenda kuonja mvinyo na hawajui. Mimi nikipeleka wageni wangu huko ninaanzia hapo. Utaona pia kwamba vijiji kama Bennwihr na Sigolsheim nyumba zake ni mpya mpya: vilisagwa na mizinga. Riquewihr, kilomita chache tu kutoka hapo, vita viliuacha mzima, ndiyo maana leo kila mtu anakwenda Riquewihr.

#9 BintiMwalimu

Nimekaa na kalamu upya. Strasbourg usiku mbili: kanisa kuu, kanisa la Thomas, na kutembea taratibu mtaa wa Petite France, kule walikokuwa wanaishi watengeneza ngozi. Kisha Colmar usiku nne. Siku moja ni ya Colmar yenyewe, siku moja Kaysersberg alikozaliwa Schweitzer mwaka 1875, siku moja Gunsbach alikokulia, nusu siku Eguisheim. Riquewihr na ile ngome nimeziacha. Nimeumia kidogo, maana ngome nilishaiona kwenye picha na nikaipenda.

#10 Mkazi wa Kehl

Umefanya vizuri kuiacha. Haut-Koenigsbourg ni pazuri, lakini ni ngazi toka mlangoni mpaka juu, na sehemu kubwa unayoiona ilijengwa upya kwa ajili ya Kaisari Wilhelm wa Pili kati ya 1900 na 1908. Riquewihr barabara yake kuu ni ya mawe na inapanda hadi mnara wa Dolder wa mwaka 1291, goti lingelalamika. Eguisheim ni tambarare, vichochoro vyake vinazunguka kama pete moja ndani ya nyingine. Nendeni kabla ya saa nne asubuhi. Baada ya hapo mabasi ya watalii yanamwaga watu na hutasikia hata ndege. Makumbusho ya Unterlinden pale Colmar hufungwa Jumanne, msipange siku hiyo.

#11 Kijana wa Ngaramtoni

Wakuu, viza mnapataje? Na mimi nina ndoto ya huko.

#12 Mkazi wa Kehl

Ni viza ya Schengen ya muda mfupi, ile moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Unaiomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo ukilala Colmar unaomba Ufaransa hata kama ndege inatua Frankfurt. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Bima ya safari iwe inafikia angalau euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla, na mwisho ni siku 15 kabla ya safari, lakini wewe usisubiri hizo siku 15. Wanataka kuona kazi yako, akaunti yako ya benki na mahali utakapolala. Usilipie tiketi isiyorudishwa kabla ya kupata viza.

#13 BintiMwalimu

MREJESHO

Wakuu, tumerudi salama, namshukuru Mungu na ninawashukuru ninyi.

Nianze na kasoro ili wengine wajihadhari. Nyumba ya wageni tuliyofikia Strasbourg ilikuwa ya zamani sana, nzuri kwenye picha, na chumba chetu kilikuwa orofa ya tatu bila lifti. Ngazi za mbao za mzunguko. Baba hakusema neno, ila nilimwona anavyoshika ukuta. Uliza habari ya lifti kwa maandishi kabla hujalipa, neno lao ni *ascenseur*.

Kanisa la Thomas tuliingia saa nne asubuhi. Kwa nje ni kanisa zito, la kawaida tu. Kwa bahati kulikuwa na mtu juu anafanya mazoezi. Baba alikaa benchi la tatu kutoka nyuma, akavua kofia, akaiweka gotini. Mpigaji alikuwa anarudia kipande kimoja, anakosea palepale, anaanza tena. Baba mkono wake wa kushoto ukawa unatembea juu ya kofia, unatangulia noti. Kila mpigaji alipokaribia pale pa kukosea, vidole vya baba vilisimama vikimngoja. Tulikaa dakika arobaini. Alipotoka aliniambia mabomba ya chini anayasikia kwenye mbavu, na kwamba kile chetu cha umeme kanisani hakina sauti hiyo hata ukifungulie vipi.

Unterlinden nilidhani nitampitisha haraka, kumbe ndiko tuliko­kaa zaidi. Ile altare ya Isenheim ya mchoraji Grünewald, ya miaka ya 1512 hadi 1516, ilichorwa kwa ajili ya nyumba ya watawa waliokuwa wakiwatunza wagonjwa wa moto wa Mtakatifu Anthony, ugonjwa uliotokana na ukungu wa nafaka, unaochoma viungo mpaka vinaoza. Ndiyo maana Kristo wa pale msalabani ngozi yake ina vidonda na miiba, vidole vimekakamaa vimeelekea juu. Mgonjwa alikuwa akimtazama Bwana mwenye mwili kama wake. Baba alisema ameona picha nyingi za msalaba, hii ndiyo ya kwanza iliyomfanya aone uchungu.

Papa Kivu, Sigolsheim tulifika kwa teksi kutoka Kaysersberg. Baba alisoma majina mstari mmoja mzima kwa sauti, polepole. Dereva alizima gari akasubiri, na dakika za kusubiri hakutudai.

Gunsbach ni treni ndogo kutoka Colmar inayopanda bonde la Munster, haichukui muda. Kijiji kimya, ng'ombe, harufu ya majani yaliyokatwa. Baba alisema, "Hapa ni Machame ya Wazungu." Nyumba aliyoijenga Schweitzer sasa ni makumbusho. Lakini kilichomshika baba ni kanisa ambalo baba yake Schweitzer alikuwa mchungaji. Ni jengo moja linalotumiwa na Wakatoliki na Walutheri, kila kundi kwa saa yake. Altare ya Kikatoliki iko mbele, na Walutheri huomba palepale wakiiona. Baba alimuuliza mama mmoja aliyekuwa anabadilisha maua, kwa ishara na kwa Kijerumani chake cha nyimbo za kanisa, kama hawagombani. Yule mama akajibu kwa lahaja yao ya Kialsace, wakaelewana vizuri kuliko mimi na simu yangu ya kutafsiri.

#14 Kifaru Mweusi

Dada, nimesoma mara mbili. Vipi, mzee amesemaje kuhusu yule ndugu mkubwa?

#15 BintiMwalimu

Nilimuuliza tukiwa kwenye treni ya kurudi Colmar. Alisema alikwenda kwenye ile bustani akitaka kuuona uso wa Mwafrika uliomwita Schweitzer, na haupo pale, ile sanamu waliivunja. Akasema yule mtoto aliutazama uso wa jiwe miaka mingi, ukamhurumisha, akaja Afrika akiwa na huruma ile, na pengine hakujifunza kuzitazama sana nyuso za watu hai waliokuwa mbele yake. Akanyamaza. Halafu akaniambia nimtafutie noti za kile kipande alichokuwa anakosea yule mpigaji.

#16 Mama Nasra

Mashaallah, Mungu amzidishie umri. Na wale ndege korongo mliwaona? Watoto wangu wananiuliza hilo tu.

#17 BintiMwalimu

Tuliwaona, mama, hata bila kuwatafuta. Pale Eguisheim kuna viota juu ya mapaa, vikubwa kama kapu la mahindi, na asubuhi wanagonganisha midomo ta-ta-ta-ta mpaka unadhani mtu anapiga makofi ya mbao. Mwezi wa tano wana makinda, na kuanzia Agosti wanaondoka, kwa hiyo wapeleke watoto kabla ya hapo. Baba aliwatambua palepale, maana korongo weupe huja mashambani kwetu mvua zikinyesha. Mkaguzi wa tiketi alimweleza kwamba wa Alsace wengi hupitia Hispania kwenda Afrika Magharibi, na wanaofika kwetu hutoka zaidi mashariki ya Ulaya. Baba hakuridhika na jibu hilo. Tangu turudi, kila asubuhi anasimama na chai yake anaangalia shamba la jirani.